Saa Isiyo na Mwenyewe: Barua ya Wazi kwa Kamati za Shule za Kilwa na Pwani ya Lindi

Waheshimiwa Wenyeviti na Wajumbe wa Kamati za Shule, kutoka Somanga na Kivinje, Masoko, Pande na Songo Songo, mpaka Mchinga na Lindi mjini,

Nawaandikia waraka huu hadharani, wala si ndani ya bahasha iliyofungwa, kwa kuwa jambo nitakalolieleza si siri ya nyumba moja wala si shitaka la mzazi mmoja juu ya mwalimu mmoja, bali ni dhuluma inayotendeka mchana kweupe, kidogo kidogo, kwa mikono mingi na kwa nia njema, na ambayo kwa ajili ya wema wa nia hizo haijapata hadi leo mtu wa kuifikisha barazani. Ningaliweza kumwandikia Ofisa Elimu wa Wilaya, ambaye bila shaka angalinipa jibu la adabu. Lakini tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulipoanza mwaka 2002, ninyi wanakamati mmepewa sauti katika fedha na mipango ya shule, tena ninyi ndio mkaao katika vijiji hivi, mvuao katika maji haya na kuokota korosho chini ya mikorosho hii, na kwa hiyo mambo nitakayoyataja hayatawahitaji mkalimani.

Maudhui yangu ni saa za mtoto: nani anazimiliki, nani anazigawa, na ipi katika hizo huporwa kwanza.

Tuichukue siku ya mtoto wa darasa la tano katika mji kama Kivinje. Huamka kungali kiza, akateka maji au akafagia uwanja, na kengele ya shule ikilia yumo mstarini. Mchana hurudi nyumbani, akala ikiwa kuna cha kula, kisha huvaa kanzu na kofia, au ushungi ikiwa ni binti, akaenda chuoni kusoma Kurani, ambako hatoki mpaka alasiri imepita kitambo. Akitoka chuoni hutumwa dukani, kisimani au pwani kupokea mboga, na akiwa katika madarasa ya mtihani huitwa tena shuleni kwa masomo ya ziada. Na magharibi humkuta bado ana jambo la mtu mkononi. Kila mmoja wa waliomtuma ana haki yake, nami sina ugomvi na hata mmoja wao.

Lakini sasa ifanyeni hesabu ya juma zima, jambo ambalo sidhani kuwa baraza lolote limewahi kulifanya. Shule humpumzisha mtoto Jumamosi na Jumapili, na chuo, kwa ada ya tangu na tangu, humpumzisha Alhamisi jioni na Ijumaa. Ijumaa, basi, ambayo maalimu wa chuo amemwachia, mwalimu wa shule amemshika. Na Jumamosi na Jumapili, ambazo mwalimu amemwachia, maalimu amemshika, tena aghalabu huanza naye asubuhi kwa kuwa siku hizo hana mshindani. (Mtoto wa Kikristo naye ana Jumapili yake na mafundisho yake, na nyumba yake haina kazi pungufu.) Matokeo ni kwamba katika siku saba alizoziumba Mola hakuna hata siku moja ambayo wakubwa wote, kwa shauri moja, wamemwachia mtoto wa pwani, naye hucheza kwa wizi, katika njia ya kutoka hapa kwenda pale, na akichelewa huchapwa kwa kosa la utoro. Shule ina mwalimu mkuu wa kuitetea, chuo kina maalimu, shamba lina baba, jiko lina mama, na chombo kina nahodha. Saa ya kucheza peke yake ndiyo isiyo na mwenyewe, na kitu kisicho na mwenyewe mnajua jinsi kinavyotendewa.

Kwenu ninyi mlio katika vijiji vya wavuvi, iko hesabu nyingine ambayo mwandishi wa ratiba aliyeko mbali hawezi kuijua. Mwezi unapoandama, na tena unapopevuka, bahari yetu hutoa bamvua, na katika siku hizo maji hufika ukomo wa kupwa yapata saa nne au saa tano za asubuhi. Hiyo ndiyo saa ambayo mwamba huwa wazi, na akina mama hushuka na ndoo na fito zenye ncha ya chuma kutafuta pweza katika matundu yake, na wenye mwani hushuka kufunga mbegu na kung'oa uliokomaa. Na hiyo ndiyo saa ambayo darasani panafundishwa hisabati. Siku za maji mafu mwamba hufunikwa, na mtoto huhudhuria. Mwalimu wa darasa katika kijiji cha namna hiyo, akilifungua daftari la mahudhurio, anaweza kuusoma mwezi pasipo kutazama mbinguni. Na sisi twafanyaje mbele ya jambo lililo dhahiri kiasi hicho, linalojirudia mara mbili kwa mwezi tangu kabla shule haijajengwa? Twaandika barua za kuwaita wazazi, twatoza faini, twasema watu wa pwani hawapendi elimu. Sijasikia kamati iliyokaa na jedwali la maji mkononi ikauliza: je, jaribio la mwezi laweza kuwekwa katika siku za maji mafu?

Nisije nikafahamika vibaya. Sisemi kuwa mtoto aende mwambani saa za masomo. Saa za masomo ni za masomo, na pweza hana hoja mbele ya hisabati. Nisemalo ni kwamba mzazi amtumaye mtoto mwambani siku ya bamvua hafanyi hivyo kwa ujinga, bali anafuata kalenda iliyo kongwe kuliko yetu, na aliye na akili hujadiliana na kalenda hiyo badala ya kuitukana.

Barani, mashambani, mambo ni hayo hayo kwa sura nyingine. Ufuta huvunwa kati ya Mei na Julai, nao hausubiri, kwa kuwa ukikauka wenyewe shambani maganda yake hupasuka na mbegu humwagika mchangani, na jasho la mwaka likapotea kwa siku mbili. Korosho huanguka tangu Oktoba, zikakutana uso kwa uso na mitihani ya darasa la nne, ya kidato cha pili na ya kidato cha nne. Na minada ya Chama Kikuu cha Lindi Mwambao ikianza, kila nyumba yataka gunia lake lifike ghalani mapema. Mzazi asemaye kuwa korosho ndizo zinunuazo sare na madaftari anasema kweli tupu. Ada za shule zimeondolewa hadi kidato cha nne tangu mwaka 2016, alhamdulillahi, lakini viatu havikuondolewa, wala sabuni, wala unga wa uji wa mchana. Mtoto aokotaye korosho Jumamosi asubuhi pamoja na mama yake, akatenganisha kokwa na bibo huku akinyonya mabibo mpaka fulana imeingia madoa yasiyotoka, huyo hadhulumiwi. Na mtu wa mbali akija na kitabu chake kumwita mtumwa, mimi nitakuwa wa kwanza kumwambia akae kitini anywe maji.

Ila iko kazi imfunzayo mtoto, na iko kazi imlayo, na mpaka baina ya hizo mbili wazazi wa pwani wanaujua vyema hata pale wanapojifanya hawauoni. Kijana wa miaka kumi na miwili aliyekwenda na vyombo vya dagaa siku za giza, akakesha akitazama taa na kuvuta nyavu, akafika darasani asubuhi macho mekundu na magamba bado yamo katika vidole, huyo hasomi: amelala akiwa ameketi. Yule abebaye ndoo za chumvi machumvini jua la utosi, miguu imechubuka na maji ya chumvi yanaingia katika vidonda, huyo naye hafunzwi kitu ambacho hakukijua baada ya ndoo ya kwanza. Na yule apewaye bomba la kunyunyizia salfa mikoroshoni pasipo kitambaa puani, baba yake anajua madhara yake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa ajira, imekataza mtoto kufanyishwa kazi usiku, na kazi nyepesi imeiruhusu kwa sharti kwamba isimdhuru wala isimzuie kuhudhuria shule. Yale tuliyoyaita mila ya kumkunja samaki angali mbichi, sheria hiyo haikuyafuta. Iliyakata makali tu.

Wala shule zenyewe si safi katika jambo hili. Mwalimu Nyerere alipotoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, alitaka kila shule iwe pia shamba au karakana, mwanafunzi asijione bwana mdogo aliyesamehewa jembe. Lakini katika andiko lilo hilo alitaka wanafunzi washiriki katika kuamua kazi ipangweje na pato lake litumikeje, ili wajifunze kuwa watu huru kwa kutenda mambo ya watu huru. Sisi tulilichukua jembe tukaliacha baraza. Katika shule nyingi mtoto alilima na bado analima, anateka maji na kubeba mawe ya ujenzi, na hajawahi kuulizwa jambo. Nchi iliyo nyuma ya Kilwa ndiko Vita vya Maji Maji vilikoanzia mwaka 1905, pale watu wa Umatumbi walipoing'oa pamba waliyolazimishwa kuilima. Silinganishi uzito wa mambo, Mungu apishe mbali, lakini wajukuu wa watu wale, ambao mwembe wa kunyongea wazee wao unatajwa hapa Kivinje hadi leo, wasihitaji kufundishwa kwamba kazi anayolazimishwa mtu pasipo shauri lake huzaa chuki na jembe badala ya mapenzi nalo.

Sasa nije kwenye mchezo wenyewe, kwa maana wengi miongoni mwenu, nawajua, mnaposikia neno hilo mnaona kitu cha kupoteza wakati.

Nendeni ufukweni jioni moja ya kusi, wakati maji yanajaa, mkawatazame wavulana na vingalawa vyao. Mmoja amechonga kipande cha mti mwepesi, akakitoboa na kukipitishia vijiti viwili viwe matengo, akafunga kila upande kibao chembamba. Tanga ni mfuko wa plastiki, foromali ni ujiti wa kuti. Akikitia majini kinalala ubavu. Anakitoa, anaweka kijiwe upande wa joshi, anakitia tena, kinakwenda hatua tano na kugeuka. Anakitoa, anafupisha kamba ya demani kwa meno. Mwenzake anamwambia mlingoti umekaa nyuma mno, wanabishana, karibu wapigane, mlingoti unasogezwa. Mara ya nne chombo kinashika upepo na kwenda moja kwa moja, nao wanakimbia maji ya magoti wakipiga kelele. Katika muda huo, ambao hakuna mtu mzima aliyewaamuru wala kuwapa alama, wamepima uzito na upepo, wamekosea na kusahihisha, wamebishana wakaafikiana. Nawauliza kwa insafu: ni kipindi gani cha asubuhi kilichowapa mambo yote hayo kwa pamoja?

Wala sitaki wacheze kwa ajili ya faida hiyo tu, kama kwamba mchezo ni dawa chungu inayohitaji cheti. Mtoto hucheza kwa kuwa ni mtoto, na sheria niliyoitaja, katika kuhesabu haki anazopaswa kutimiziwa na mzazi, imeutaja mchezo na mapumziko pamoja na chakula, malazi, mavazi, tiba na elimu, katika safu moja. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 1991, nao una ibara yake juu ya jambo hilo. Huenda ni wakubwa wachache walioisoma.

Na hapa lazima nikae kidogo kwa mabinti, kwani niliyoyasema juu ya wavulana ni nusu ya habari, na nusu iliyo nyepesi. Mvulana huiba saa yake, naam, lakini huiba ufukweni, na mitaa yetu humsamehe kwa kicheko. Binti hana pa kuibia. Nimemwona mtoto wa miaka tisa hivi akicheza mdako katika kivuli cha mwarobaini, mdogo wake amefungwa mgongoni kwa kanga. Anarusha komwe, anazoa zilizo katika kishimo, anaidaka ile ya juu, na kila anapoinama humshika mtoto kichwa kwa mkono wa kushoto asichomoke. Alikuwa hodari kuliko hirimu zake wote waliokuwa na migongo mitupu. Kisha akaitwa, akaondoka na zamu yake haijaisha, na wenzake hawakushangaa. Binti huyo ndiye achotaye maji, ndiye apikaye, ndiye akaaye na mgonjwa. Na katika sehemu nyingi za mkoa wetu, akishatoka unyagoni, ambako wengine hupelekwa wakiwa wadogo mno, huambiwa kwamba rede na kuruka kamba si mambo yake tena. Serikali imekuwa ikihimiza jando na unyago vifanyike wakati wa likizo, na ni vyema. Lakini likizo ya Juni na ya Disemba ndizo nafasi ndefu pekee zilizobaki wazi katika mwaka wa mtoto, nasi tumezijaza ufuta, korosho na ngoma. Sisemi ngoma ziachwe. Nasema binti wa darasa la nne akirudi kutoka unyagoni arudishiwe kamba yake ya kuruka, kwa kuwa mila iliyomfunza adabu haikumtaka awe mzee.

Najua jibu litakalotoka kwa walimu, nami nalistahi. Watasema halmashauri hupanga shule kwa matokeo, shule ya mwisho hutajwa mbele za watu, na mwalimu mkuu huhojiwa. Kwa hiyo darasa la saba lazima likae kambini kabla ya mtihani wa Septemba, lazima lisome alfajiri na usiku, na kipindi cha michezo kigeuzwe hisabati. Ndivyo lilivyofanyiwa somo la Haiba na Michezo miaka yote lilipokuwamo katika ratiba: liliandikwa ukutani kwa wino mzuri, na saa yake ikafika watoto wakapewa mafagio. Kuhusu mashindano ya michezo ya shule za msingi, UMITASHUMTA, yanayofanyika kila mwaka, nayapenda na huenda kuyatazama, lakini wale ni wachache waliochujwa, wanaoitwa kuwania kikombe cha wilaya. Mia tatu waliobaki kando ya uwanja hawakucheza, walipiga makofi. Na kuhusu kambi, sijaona bado mtoto asiyejua kusoma darasa la tatu ambaye alikesha darasa la saba akajua. Anayefaulu kwa kambi alikuwa ameshafunzwa mapema. Asiyefunzwa, kambi humwongezea usingizi tu.

Basi nawaomba mambo yafuatayo, na kila moja liko ndani ya uwezo wenu pasipo kungoja waraka wa Wizara.

Mwanzoni mwa mwaka, kabla ratiba haijabandikwa, iteni kikao kimoja ambacho mwalimu mkuu ataketi pamoja na maalimu wa vyuo vya kijiji, mkubwa wa wenye vyombo, kiongozi wa chama cha msingi cha korosho na nyakanga wa unyago wa mtaa, na mbele yao liwepo jedwali la maji la mwaka huo na kalenda ya mitihani. Kila mmoja aseme anazitaka saa gani, na zijumlishwe hadharani, kwani nina yakini kwamba wengi wao hawajapata kujua kuwa mtoto wanayemgombania ni mmoja. Majaribio na masomo ya ziada yahamie siku za maji mafu. Maalimu na mwalimu mkuu wakubaliane jioni mbili katika juma, tuseme Jumatano na Jumamosi baada ya alasiri, ambazo shule haitamwita mtoto, chuo hakitamwita, wala nyumba haitamtuma, awe mvulana au binti. Na mwenye mdogo wake mgongoni, mama ampokee kwa saa hiyo, au baba, ambaye wakati huo mara nyingi yuko barazani kwenye bao, mchezo ambao hakuna aliyewahi kumnyang'anya. Vijana wa shule wasipokewe katika vyombo vya dagaa, na nahodha atakayewapokea ajibu kwa kamati na kwa serikali ya kijiji.

Mkisema kwamba watu hawatakubali, nawakumbusha kuwa katika pwani hii ya Mafia na Kilwa viko vijiji vilivyokubali kuufunga mwamba kwa miezi, pweza wakaachwa wakue, na wenye njaa wakapita kando yake na fito zao mkononi wasiuguse. Kuzifunga jioni mbili katika juma kwa ajili ya watoto hakutawazidi nguvu watu wa namna hiyo.

Na mtakalolikata, likiwa ni ndiyo ama ni la, naomba liandikwe na kubandikwa katika ubao ulio nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, karibu na orodha ya matokeo ya mtihani, mahali ambapo wazazi hupita na kusimama. Na nakala moja isomwe mstarini, asubuhi, mbele ya wanafunzi wenyewe, ambao katika shauri hili hawajaulizwa na mtu.

Wasalaam, nami ni mwenzenu katika malezi,

Mzazi wa Kilwa Kivinje